Mlima wa Dirishani

Tulisoma darasa moja sisi wanne, pale Makumira, chini ya Mlima Meru. Aliyefika chuo kile anajua kwamba mlima hautafutwi. Unatoka bwenini asubuhi na mswaki mdomoni, nao umekwisha kukutangulia kuamka. Tuliutazama miaka yote ya masomo, hasa katika vipindi vya Kigiriki, na wageni walipotuuliza kama tumewahi kuupanda tulicheka. Kupanda milima tulihesabu kuwa jambo la watalii na la vijana wanaowabebea mizigo. Sisi tulikuwa tunasomea uchungaji.

Sasa tuna miaka arobaini na kitu, na kazi imetutawanya. Mmoja anahudumu hapa hapa Meru, mmoja Mwanga, mmoja Karatu, mmoja Hai. Katika maandishi haya tutaitana hivyo, kwa mahali pa huduma, maana huyu wa Hai ndiye aliyetufanya tuandike, naye ameturuhusu kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, wala tusimpambe. Alisoma tulichoandika, akafuta sentensi mbili.

Yote yalianzia makaburini, kama yanavyoanza mambo mengi ya wachungaji. Tulikuwa tumemzika mwenzetu wa darasa lile lile, mtu wa miaka 45, aliyeanguka ofisini kwa presha siku ya Jumamosi akiandaa mahubiri. Kaburini ilisomwa Zaburi ya 121, ile tunayoisoma karibu kila tunapozika, kwa kuwa inataja milima na sisi huku hatuna uhaba wa milima. Baadaye, tukiwa tumeshika sahani za wali chini ya turubai, mwenzetu wa Karatu alisema kwa sauti ya mtu anayeungama kwamba amepimwa sukari, imekutwa juu, na daktari amemwambia atembee.

"Tutembee basi," akajibu wa Mwanga.

Wa Hai akachungulia nje ya turubai. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yameondoka na mlima umefunguka wote. "Tusitembee tu," akasema. "Tupande ule."

Tulicheka tena, lakini safari hii kicheko hakikufika mwisho.

Mchungaji hapumziki Jumapili; siku yake ni Jumatatu, na hata hiyo huibiwa na misiba. Tukakubaliana Jumatatu mbili kila mwezi. Ni vigumu kueleza aibu ya kuanza jambo ukiwa mtu mzima, tena mtu mzima anayeitwa Baba Mchungaji. Siku ya kwanza tulichagua kilima ambacho watoto hukipanda kwenda shule. Mmoja wetu alikuja na viatu vya ibada, mwingine na raba buti. Hatukuwa tumefika nusu, binti mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani akatupita, akatugeukia kwa heshima na kutuamkia shikamoo. Wachungaji wanne hatukuweza kuitikia marahaba. Tulipunga mikono. Yule binti akaendelea kupanda, na tulimsikia akiimba.

Polepole tukajifunza. Tulinunua mabuti ya mtumba katika soko la Kilombero, Arusha, tukajua kwamba buti lililokukubali sokoni linaweza kukukana njiani. Tulijifunza kukata kucha fupi kabla ya kutembea, maana wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele ndani ya buti. Tulijifunza kwamba magoti hulalamika zaidi ukishuka kuliko ukipanda, na kwamba maji hunywewa kabla ya kiu. Tulipanda mlima wa Longido, kwenye njia ya kwenda Namanga, tukarudi tukiwa tumeungua shingo. Tulipanda kutoka Marangu mpaka Mandara, mita 2,720, tukarudi siku ile ile na kujiona mashujaa. Sukari ya mwenzetu wa Karatu ikashuka. Alikuwa bado wa mwisho kila mahali, akitembea kama mtu anayehesabu sadaka, lakini hakuwahi kukaa chini.

Wa Hai alikuwa wa kwanza kila mahali. Hata chuoni alikuwa hivyo. Ndiye aliyekuwa akitufundisha Kigiriki usiku kabla ya mtihani, na ndiye anayealikwa kuhubiri kwenye semina za dayosisi nyingine. Mlimani alitaka njia iliyo ngumu zaidi, na tukifika juu alitaka kushuka mara moja ili tupande kingine. Tuliona ni bidii. Tulipotaka kuombea chakula alisema, "Ongozeni ninyi," nasi tukaona ni unyenyekevu. Mtu anaweza kuwa mchungaji wa watu wengi kwa miaka kumi na mitano asimwone anayetembea mbele yake.

Kabla ya kufika Meru yenyewe tuseme neno moja juu ya mahubiri yetu. Tumehubiri milima maisha yetu yote. Sinai, Horebu, Karmeli, Nebo, mlima wa kugeuka sura: tumeipanda yote tukiwa tumesimama kwenye mimbari na glasi ya maji pembeni. Katika historia ya Kanisa tulisoma habari za Ovir na Segebrock, wamisionari wa Leipzig waliouawa Akeri, kwenye miteremko ya Meru, Oktoba 1896, na tulisoma habari za Mchungaji Richard Reusch, Mlutheri aliyepanda Kilimanjaro mara nyingi hata shimo la juu ya Kibo likapewa jina lake. Tulijibu maswali ya mtihani juu yao, lakini hatukuwahi kujiuliza walikuwa wakihemaje. Baada ya miezi kadhaa ya Jumatatu zetu, Biblia ilianza kusomeka kwa magoti. Musa alipanda Sinai akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini, tena si mara moja. Wale wanafunzi watatu walielemewa na usingizi mlimani, jambo ambalo tulikuwa tukilikemea kila mwaka. Siku hizi tunawahurumia. Na Eliya, kabla ya kuulizwa lolote na Mungu pale Horebu, alilala chini ya mti, akaamshwa ale, akalala tena, akaamshwa ale tena. Kwa miaka mingi tulirukia ile sauti ndogo ya mwisho, na mkate tukaupita kama vile ni matangazo.

Tuliingia lango la Momella Jumatatu moja ya mwisho wa Januari, majuma machache kabla ya Kwaresima. Tulikuwa tumechanga mwaka mzima. Na hapa tulifanya kosa ambalo si la mlima bali la wachungaji: tuliwatangazia watu. Sharika zetu zote nne zilijua. Kwenye usharika mmoja tulisimamishwa mbele ya madhabahu tukaombewa, na kwa mwingine watoto wa Shule ya Jumapili walichora wachungaji wanne juu ya kilele, wote na kola shingoni. Tulikuwa pia na kiboksi kidogo cha mbao chenye chupa ya divai na mikate ya ushirika. Mpango wetu ulikuwa kushiriki Meza ya Bwana kileleni, jua likichomoza, na wa Hai ahubiri. Mahubiri alikuwa ameyaandika, kurasa mbili, tuliziona.

Mlima Meru haupandwi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati. Askari wetu alikuwa mtu wa makamo, Mwislamu wa Kondoa, mwenye maneno machache. Kiongozi wa msafara alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi kutoka vijiji vya chini ya mlima, naye alikuwa na msaidizi. Alitupanga kwenye mstari pale langoni, akatutazama mabuti, akasema, "Wachungaji wangu, huko kanisani mnaongoza ninyi. Hapa mtanifuata mimi. Na hatutaenda mwendo wa mwenye nguvu, tutaenda mwendo wa huyu." Akamshika mkono wa Karatu, akamweka nyuma yake.

Wa Hai hakupenda. Hakusema, lakini mgongo wake ulisema.

Siku mbili za kwanza tungeweza kuziandikia kitabu: twiga kwenye uwanda wa nyasi, mbega wakiruka na mikia yao myeupe, mkuyu mkubwa ambao njia inapita katikati yake. Tulilala Miriakamba, kama mita 2,500. Kesho yake tukapanda ngazi zisizo na huruma mpaka Saddle, mita 3,570, na alasiri tukapelekwa Meru Ndogo na kurudishwa, maana kanuni ya viongozi wa mlima ni kupanda juu na kulala chini ili mwili uzoee. Njiani tulimuuliza kiongozi anasali wapi. Akasema amepata kipaimara kwenye usharika wetu wa Kilutheri, ila kazi yake haina Jumapili. Wageni huja siku zote. "Nikishuka nakuta wiki imeisha," alisema. "Wazee wa kanisa waliniandikia barua kwamba sionekani." Mmoja wetu ameandika barua za namna hiyo, nyingi. Hatukusema kitu kwa muda mrefu, na ngazi zilitupa kisingizio.

Jioni ile Saddle kiongozi alituuliza mmoja mmoja: kichwa kinauma? Umekula? Umekojoa mara ngapi? Sisi watatu tulilalamika kwa raha, kama wagonjwa wa kawaida. Wa Hai alisema, "Niko salama." Ni jibu tunalolifahamu sote. Ndilo tunalompa askofu.

Saa saba usiku tuliamshwa kwa chai na biskuti. Yeye hakula. Tuliwasha tochi za kichwani tukaanza kupanda, mwendo wa sukari, hatua na pumzi, hatua na pumzi. Kwa kimo kile hewa imepungua. Karibu na kilele, ambacho ni zaidi ya mita 4,560, hewa ina nguvu ya zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani. Kifua kinafanya kazi ya vifua viwili. Tulipita Rhino Point, tukateremka kwenye miamba tukishikilia kwa mikono, kisha tukaanza kupanda tena kwenye majivu ya volkano, ambako unapiga hatua mbili na moja inakurudisha. Upande mmoja kulikuwa na giza ambalo tochi haikupata mwisho wake. Hilo ndilo shimo la mlima.

Ilikuwa karibu saa kumi alfajiri wa Hai alipoanza kuyumba. Kwanza tulidhani ni majivu. Kisha akacheka peke yake. Kiongozi akasimama, akarudi nyuma, akamkalisha, akammulika usoni. Akamwuliza alitapika mara ngapi. "Mara tatu," akasema, kama mtoto aliyekamatwa. Alikuwa ametapika nyuma ya banda tangu jana jioni, na kichwa kilikuwa kinampasuka. Kiongozi akachora mstari kwenye majivu kwa fimbo, akamwambia atembee juu yake, kisigino kiguse kidole. Hatua ya tatu alianguka kwetu.

"Baba Mchungaji, tunashuka."

"Kilele kiko pale."

"Kipo. Tunashuka."

Wa Hai akainua sauti. Ilikuwa ile sauti ya mimbarini, sauti ambayo imewaamsha watu wengi, na juu ya mlima usiku ilisikika ndogo mno. Alisema amekuja na kazi ya Mungu, ana neno la kuhubiri pale juu, hawezi kurudishwa na mtu. Yule kijana hakubishana naye. "Kesho huko chini nitakusikiliza mahubiri," alisema. "Sasa hivi unanisikiliza mimi." Kisha akatugeukia sisi wawili, wa Meru na wa Mwanga. "Nahitaji watu wawili wenye nguvu pale kwenye miamba. Huyu mzee wa sukari ataendelea na msaidizi na askari. Mwendo wake unafika."

Tunaandika sasa jambo ambalo tungependa kuliacha. Sisi wawili tulikasirika. Hatukumkasirikia kiongozi, tulimkasirikia mgonjwa. Tulikuwa na nguvu, vichwa vyetu havikuuma, saa tatu za mbele yetu zilikuwa zimebaki chache, na kila mmoja wetu, kama tulivyoambiana baadaye, alitafuta upesi moyoni sababu ya kwa nini mwenzake ndiye ashuke. Mmoja aliifikiria ile picha ya watoto. Mwingine alifikiria matangazo ya Jumapili. Tumewahubiria watu habari ya mchungaji anayewaacha wale tisini na tisa, lakini hatujawahi kuulizwa tumwache kondoo au tuache kilele, saa kumi usiku, kwenye baridi, na kilele kinaonekana.

Wa Karatu alitaka kurudi pia. Tulimkatalia, kwa ukali usiohitajika. Tukampa mkono, tochi yake ikaondoka na nyingine mbili, ndogo, ndogo, mpaka zikawa kama nyota za chini.

Kushuka kwenye miamba na mtu anayeyumba, gizani, ni kazi ambayo hatutaisahau. Kiongozi alitangulia akipokea miguu yake na kuiweka mahali pake, mguu mmoja, kisha mwingine. Sisi tulimshika makwapa. Soli ya buti la mmoja wetu ilibanduka, tukaifunga kwa kamba ya begi. Wa Hai alianza kuomba msamaha, akarudia kila baada ya hatua chache, "Nisameheni, nisameheni," mpaka wa Mwanga akamwambia, "Nyamaza, hesabu hatua." Akahesabu. Kwa Kigiriki, Mungu amrehemu.

Jua lilichomoza tukiwa Rhino Point. Kilimanjaro ilisimama ng'ambo, nyeusi, na nyuma yake mbingu rangi ya embe bivu. Tuliitazama muda ambao kiongozi alituruhusu, na muda huo haukuwa mrefu.

Kadiri tulivyoshuka ndivyo kichwa chake kilivyorudi. Kule Saddle kiongozi alimpitisha tena kwenye mstari, akaupita. Akasema tutampumzisha kidogo, na kama kichwa hakitakaa sawa tutaendelea kushuka bila kuwangoja wengine. Tukamlaza. Mpishi akaleta chai ya tangawizi yenye sukari nyingi. Akanywa, akalala. Baada ya nusu saa akaamka, akaletewa uji, akanywa, akalala tena. Sisi wawili tulikaa kwenye kitanda cha mbele yake na mabuti miguuni.

Alipoamka mara ya pili alisema, akitazama dari, "Sijasali miaka mitatu."

Tulidhani bado ni kile kizunguzungu.

"Nawaombea watu," akaendelea. "Ibadani, hospitalini, kwenye misiba. Maneno yapo, yanakuja yenyewe. Lakini peke yangu, hapana. Nikifunga mlango na kupiga magoti, hakuna kitu. Nahesabu mabati."

Mmoja wetu akamwuliza kilitokea nini. Ndivyo tulivyofundishwa kuuliza.

"Hakuna kilichotokea. Ndiyo maana sikusema. Ningekuwa nimefiwa, au nimeanguka dhambini, ningewaambia. Ningesema nini? Nilidhani nikifika pale juu na yale mahubiri, labda."

Hakumaliza. Ndugu msomaji, tuna shahada za theolojia sisi wawili. Tumesoma ushauri wa kichungaji, tunajua hatua zake na majina ya vitabu. Mle bandani hatukupata hata sentensi moja. Wa Mwanga aliinuka akaenda kuomba chai nyingine. Yule mwingine alibaki, akamvuta yule mgonjwa soksi iliyokuwa imeteleza kisiginoni. Ndicho tulichofanya, hatukufanya zaidi ya hapo, na tukiulizwa leo hatujui kama tungepaswa kufanya zaidi.

Wa Karatu alirudi karibu saa tano, majivu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefika. Mtu wa sukari, wa mwisho wa vilima vyote, ndiye peke yake kati yetu aliyesimama juu ya Meru, na hakujua la kufanya. Kiboksi kilikuwa kwetu, mhubiri alikuwa kwetu. "Nilisema Baba Yetu," alitueleza, "peke yangu, kwa sauti, kwa sababu niliona aibu kutofanya chochote. Askari akavua kofia, akangoja mpaka nilipomaliza." Alitaka tushiriki Meza ya Bwana pale pale bandani. Wa Hai akainuka bila kusema, akatoka nje, akakaa juu ya jiwe karibu na wapagazi. Tulitazamana. Kisha kiongozi akaingiza kichwa mlangoni, akasema mawingu yanakuja, tufunge mizigo. Kiboksi kikashuka na sisi, hakijafunguliwa.

Usiku ule tulilala Miriakamba. Tulikula kimya kama watu waliogombana, ingawa hatukugombana. Tulikuwa tumezima tochi wa Hai aliposema gizani, "Kile kiboksi kiko wapi?"

Kilikuwa chini ya kitanda. Tulikifungua. Mikate ilikuwa imevunjikavunjika kwenye ile miamba, hakuna mmoja uliobaki mzima, na nusu ya divai ilikuwa imevuja ikapaka rangi kurasa mbili za mahubiri. Yeye hakuongoza, wala hakusoma chochote. Aliketi upande wa wanaopokea, kitandani, blanketi mabegani, akanyoosha mikono miwili kama wanavyonyoosha wazee wetu sharikani, mmoja juu ya mwingine. Wa Karatu akamwekea kipande.

Hatujui kilichokuwa moyoni mwake. Tulimwuliza alipokuwa akisoma maandishi haya, na hiyo ndiyo moja ya zile sentensi mbili alizofuta.

Jumapili iliyofuata tulikuwa kila mmoja usharikani kwake. Watoto walingoja mlangoni. "Baba Mchungaji, ulifika?" Watatu kati yetu tulijibu hapana. Ni neno fupi, lakini hatukuwa na mazoezi nalo, na mmoja wetu aliongeza maelezo mengi juu ya soli ya buti mpaka mtoto mmoja akamwambia, "Basi Baba Mchungaji, utaenda tena." Mzee mmoja wa kanisa alishauri ile picha iliyochorwa iondolewe ukutani. Tuliiacha. Na barua moja ya kumkumbusha kijana fulani kwamba haonekani ibadani, iliyokuwa imekwisha kuandikwa kwenye mojawapo ya ofisi zetu, haikutumwa. Mwandishi wake alikwenda nyumbani kwa huyo kijana siku ya Jumanne, jioni.

Wa Hai alimwomba mkuu wake likizo. Alimweleza sababu, yote, kama alivyotueleza sisi. Mwaka huu anafundisha dini na Kiingereza kwenye shule ya sekondari, wala hahubiri. Watu wengine wanasema amerudi nyuma. Jumatatu zetu zinaendelea, na sasa huja nazo mapema kuliko sisi, lakini hatembei mbele tena. Anatembea na wa Karatu nyuma kabisa, na mara nyingi tunawasikia wakibishana juu ya mambo ya Yanga. Chakula bado anasema tuombee sisi. Mwezi uliopita, huko Longido, tulipokuwa tumefumba macho tukingojana nani aanze, alianza yeye. Alisema maneno kama manne, akakwama, akasema amina. Tulikula.

Tumepanga Meru tena Januari ijayo, na kiongozi ni yule yule. Wa Hai hajasema kama ataendelea mpaka juu au ataishia Saddle atungoje na uji. Amenunua mabuti mengine, mtumba wa Kilombero. Yale ya kwanza aliyaacha Miriakamba asubuhi ile tuliposhuka. Alimpa mpagazi mmoja aliyekuwa na mguu wa kipimo chake, naye akafika langoni na kandambili.